Makaa Manene Si Ushahidi wa Ufa: Mwongozo Kamili wa Kusoma Tektoniki Katika Mabonde ya Makaa ya Mawe

Ripoti nyingi huangukia shimo moja. Mwandishi anapokea takwimu za uchorongaji (utobojaji wa mashimo ardhini), anachora ramani ya unene wa tabaka la makaa, anaona sehemu nene imelala kando ya ufa (mpasuko ambao miamba ya upande mmoja imeteleza ikaachana na ya upande wa pili), kisha anaandika: "Ufa huu ulidhibiti utuamaji wa mashapo." Msimamizi anauliza kama ufa ulikuwapo wakati kinamasi kinaishi au ulikuja baada ya makaa kuwa mwamba. Jibu halipo, na sura nzima inarudishwa.

Swali hilo ni la tektoniki, yaani mwendo wa gamba la dunia unaoshusha, kuinua na kupasua ardhi, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kulijibu kabla hujaulizwa. Mashapo ni mchanga, tope na mabaki mengine yanayotuama na baadaye kuwa mwamba. Unamfaa mwanafunzi wa jiolojia, mjiolojia wa mgodi, na yeyote mwenye kumbukumbu za mashimo kadhaa yaliyopita katika mwamba wenye makaa.

## Kanuni moja kabla ya kushika kalamu

Makaa ya mawe huanza kama piti, yaani mabaki ya mimea yanayojikusanya ndani ya kinamasi bila kuoza kikamilifu. Piti haidumu bila nafasi. Ardhi isipodidimia, piti hufika juu ya maji, hukauka, huoza au huungua. Ardhi ikididimia kwa kasi mno, maji huzamisha mimea na kinamasi hugeuka ziwa au bahari ya kina kifupi. Tabaka nene huja pale tu kasi ya kudidimia inapokaribiana na kasi ya piti kujikusanya, kwa muda mrefu, huku mchanga na tope vikizuiwa kuingia.

Basi mahali palipodidimia zaidi si lazima pawe na makaa manene zaidi. Mara nyingi huwa kinyume: katikati ya mdidimio mkali pamejaa mchanga na tope la ziwa, na makaa bora yako pembeni, ambako mambo yalikwenda polepole. Ukilishika hili, nusu ya makosa yataondoka yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

Usianze bila hivi:

- Kumbukumbu za mashimo yasiyopungua manne au matano kwenye mstari mmoja unaokata mwelekeo wa nyufa. Mashimo yanayofuata ufa sambamba hayatakuambia kitu.
- Vipimo vya ndani ya shimo: miale ya gama, densiti, na kipenyo cha shimo.
- Miche ya mwamba (vile vipande virefu vya duara vinavyotoka kwenye mashine), walau kwa mashimo mawili. Picha zake zinasaidia, lakini hazitoshi.
- Matokeo ya maabara ya makaa yaliyopimwa kwa vipande vidogo vidogo kutoka sakafu ya tabaka hadi paa lake. Wastani mmoja wa tabaka zima haufai kwa kazi hii.
- Ramani ya nyufa, ikionyesha ushahidi wa kila ufa: ulionekana mgodini, ulionekana kwenye vipimo vya mitetemo, au ulikisiwa tu.
- Lahajedwali, karatasi ya michoro, na penseli za rangi. Programu ghali si lazima.

Kama kuna umri wowote uliopimwa, kwa mfano kutoka kwenye majivu ya volkano, uweke karibu. Utahitajika mara mbili.

## Hatua ya 1: Soma upya aina za miamba

Usiziamini lebo ulizozikuta. Kumbukumbu za mradi mmoja huandikwa na watu tofauti kwa miaka tofauti. Anachokiita mmoja "tope jeusi", mwingine amekiandika "makaa machafu".

Kwenye vipimo, makaa safi huonyesha gama ya chini na densiti ya chini, kwa kawaida chini ya gramu 1.8 kwa sentimita moja ya ujazo. Mawe ya mchanga nayo yana gama ya chini, lakini densiti yake iko juu zaidi, kuanzia gramu 2.2 na kuendelea. Mawe ya tope yana gama ya juu. Ndiyo maana gama peke yake haitoshi: bila densiti utahesabu mchanga kama makaa.

Tahadhari. Pale ukuta wa shimo ulipoporomoka, kifaa cha densiti husoma maji badala ya mwamba na kutoa namba ndogo inayofanana na makaa. Kipimo cha kipenyo kikionyesha shimo limepanuka ghafla mahali hapo, usisadiki densiti hiyo.

Weka alama pia kwenye sakafu ya kila tabaka la makaa. Ukiona vijizizi vya mimea vimepenya mwamba wa chini, kinamasi kilikuwa hapo hapo. Usipoviona, huenda mabaki ya mimea yaliletwa na maji, na tabaka hilo lisihesabiwe pamoja na mengine.

## Hatua ya 2: Tafuta nyuso za wakati mmoja

Hapa ndipo kazi inapojengwa au kubomoka. Ili kulinganisha kilichotokea kwenye shimo B na shimo C, lazima ulinganishe kipindi kile kile. Unahitaji nyuso mbili, moja chini na moja juu, ambazo kila moja iliumbika kwa wakati mmoja katika bonde zima.

Kwa ubora, zipange hivi:

1. Matabaka membamba ya majivu ya volkano. Ndani ya vinamasi majivu haya hubadilika kuwa udongo wa kaolini, mara nyingi sentimita chache tu, rangi ya kahawia au kijivu katikati ya makaa meusi. Yalianguka kwa muda mfupi sana kijiolojia, na fuwele za zirikoni zilizomo hupimwa umri kwa urani na risasi.
2. Matabaka ya bahari yenye visukuku, pale bahari ilipofurika bonde zima.
3. Udongo wa kale uliokomaa, unaoweza kufuatwa umbali mrefu.
4. Paa au sakafu ya tabaka la makaa lenyewe, kama huna kingine.

Hiyo ya nne itumie kwa shingo upande. Kinamasi huhama. Sakafu ya tabaka upande wa mashariki wa bonde inaweza kuwa ya zamani kwa maelfu ya miaka kuliko sakafu ya tabaka hilo hilo magharibi. Ukilazimika kuitumia, andika waziwazi kuwa umefanya hivyo.

Kosa la kawaida hapa ni kuunganisha misingi ya mawe ya mchanga kutoka shimo hadi shimo kana kwamba ni uso mmoja. Mto hauachi mchanga kila mahali kwa siku moja, na tena hukata chini na kula kilichotangulia.

Umefaulu ikiwa mistari yako miwili haikatizani popote, na utaratibu wa vitu vilivyo kati yake, kwa mfano majivu juu ya bahari na bahari juu ya makaa, ni ule ule katika mashimo yote.

## Hatua ya 3: Pima kipindi kizima, usipime makaa pekee

Pima unene kutoka uso wa chini hadi uso wa juu kwa kila shimo. Gawanya unene huo: mita ngapi za mchanga, ngapi za tope, ngapi za makaa. Kama matabaka yameinama, rekebisha unene kwa pembe ya mwinamo kwanza. Shimo la wima kwenye tabaka lililoinama nyuzi 30 huongeza unene kwa takribani asilimia 15.

Nitatumia mfano wa kubuni. Ufa unadhaniwa kupita kati ya shimo B, lililo upande uliobaki juu, na shimo C, lililo upande uliozama:

- Shimo B: mchanga mita 24, tope mita 12, makaa mita 4. Jumla mita 40.
- Shimo C: mchanga mita 36, tope mita 28, makaa mita 2. Jumla mita 66.

Aliyeangalia makaa peke yake angesema B ndiko kulikodidimia, kwa kuwa makaa yake ni maradufu. Kipindi kizima kinasema vingine.

## Hatua ya 4: Rudisha unene wa awali

Mashapo hubanwa yakizikwa, lakini hayabanwi sawasawa. Mchanga hupungua kidogo, tope hupungua zaidi ya nusu, na piti hupungua kuliko vyote. Mita moja ya makaa inaweza kuwa ilikuwa mita tano, saba, hata kumi za piti. Wanaolinganisha unene wa leo bila kuurudisha wanalinganisha vitu visivyolingana.

Kwa zoezi la kulinganisha mashimo mawili, vizidisho rahisi vinatosha: mchanga 1.3, tope 2.2, makaa 7.

- Shimo B: (24 × 1.3) + (12 × 2.2) + (4 × 7) = 31.2 + 26.4 + 28 = mita 85.6.
- Shimo C: (36 × 1.3) + (28 × 2.2) + (2 × 7) = 46.8 + 61.6 + 14 = mita 122.4.

Uwiano wa leo, C kwa B, ni 66 ÷ 40 = 1.65. Uwiano wa awali ni 122.4 ÷ 85.6 = 1.43. Upande wa C bado ulididimia zaidi, ila tofauti ni ndogo kuliko ilivyoonekana.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: badilisha kizidisho cha makaa na uhesabu tena, kwa sababu hakuna anayejua namba kamili ya piti yako. Kwa 5 unapata 1.53. Kwa 10 unapata 1.32. Namba imeyumba, lakini haikushuka hadi 1. Hiyo ndiyo hoja unayoweza kusimama nayo mbele ya watu. Kama kubadilisha kizidisho ndani ya mipaka ya kawaida kunaweza kuufikisha uwiano kwenye 1, huna ushahidi wa mdidimio tofauti katika kipindi hicho, hata ramani ipendeze vipi.

Tahadhari. Vizidisho hivi vinadhani kila kitu kilikuwa juu kabisa bila kubanwa, jambo ambalo si kweli: tabaka la chini lilianza kubanwa wakati la juu linatuama. Kwa uwiano wa mashimo jirani, kosa hilo hukaribia kulingana pande zote. Kwa mkondo wa mdidimio wa bonde zima (mstari unaoonyesha ardhi ilivyoshuka kadiri muda ulivyopita, Hatua ya 8) halivumiliki, na huko utabana na kulegeza tabaka moja moja kwa kufuata kina.

Tukiwa hapa, kumbuka pia kwamba makaa yanashika muda mrefu kuliko unene wake unavyoonyesha. Mita 4 za makaa kwa kizidisho cha 7 ni mita 28 za piti. Ikijikusanya milimita 1 kwa mwaka, hiyo ni miaka 28,000. Mchanga wa unene huo huo kwenye mkondo wa mto unaweza kutuama kwa mafuriko machache. Ndiyo maana sentimita kadhaa za makaa zisidharauliwe kwenye mchoro.

## Hatua ya 5: Ujaribu ufa wenyewe

Sasa rudia Hatua ya 3 na ya 4 kwa vipindi vyote ulivyonavyo, kutoka chini hadi juu. Andika uwiano wa kila kipindi mbele ya jina lake. Kisha soma safu hiyo kama hadithi ya ufa.

Uwiano uko juu ya 1 kwa vipindi kadhaa vinavyofuatana. Ufa ulikuwa hai mashapo yakituama. Uwiano ukipanda, ufa ulikuwa unaharakisha. Ukishuka taratibu hadi 1, ulikuwa unakufa.

Uwiano ni 1 katika vipindi vyote, lakini matabaka yamekatwa na kushushwa. Ufa ulikuja baadaye. Ni muhimu kwa mpango wa mgodi, lakini haukuhusika na utuamaji. Hii ndiyo hali inayowadanganya wengi, kwa sababu kwenye mchoro ufa unaonekana mkubwa na wa kutisha.

Uwiano ni juu ya 1 katika kipindi kimoja tu, na kabla na baada yake ni 1. Usikimbilie tektoniki. Mara nyingi ni mto uliochimba mfereji na kuujaza mchanga. Angalia kama msingi wa mchanga umekata makaa ya chini.

Uwiano unapanda na kushuka kwa kupokezana: leo C ni nene, kesho B. Huo si ufa. Mto hufuata sehemu ya chini, huijaza, kisha huhamia pembeni ambako sasa ndiko chini. Mashapo yanajisawazisha yenyewe.

Dalili ya tektoniki ni ukaidi wa mahali. Mito huhama, bahari huja na kuondoka, lakini ufa uko pale pale, na kipindi baada ya kipindi unene unabadilika kwenye mstari ule ule.

Tafuta dalili za karibu pia. Kwenye upande uliozama, karibu na ufa, huwa kuna kongomerati (mwamba wa kokoto zilizoshikamana) au mchanga mbichi wenye vipande visivyochongwa, matabaka yaliyokunjika yangali laini, na michirizi ya mchanga iliyopenya tope kwenda juu. Matope yaliyovurugika hutokana pia na uzito wa mchanga unaotuama kwa ghafla, kwa hiyo peke yake si hukumu. Yakijitokeza kwenye uso mmoja kwa kilomita nyingi na kupungua kadiri unavyouacha ufa, tetemeko ni mshukiwa wa kweli.

## Hatua ya 6: Soma tabaka la makaa kwa undani

Hatua zilizopita zimekuambia ardhi ilididimia wapi. Makaa yatakuambia kinamasi kilivumiliaje.

Migawanyiko. Fuata tabaka nene kuelekea upande uliozama. Mara nyingi litagawanyika mara mbili, tatu, nne, kila tawi likitenganishwa na tope au mchanga unaozidi unene kadiri unavyokwenda. Chora ramani ya mistari ambapo kila mgawanyiko unaanzia. Mistari hiyo ikirundikana sambamba na ufa katika matabaka tofauti, umepata ushahidi mzuri. Ikijipinda kama mto na kila tabaka likiwa na mstari wake, ni mkondo wa maji uliopita ndani ya kinamasi.

Majivu. Hapa namaanisha mabaki yanayobaki makaa yakichomwa, si ya volkano. Majivu yakiongezeka kuelekea paa na juu yake kukafuata tope la ziwa, kinamasi kilizama: nafasi iliongezeka kuliko piti ilivyoweza kujaza. Bonde la Fushun, kaskazini-mashariki mwa China, ni mfano wa kukumbuka. Makaa yake manene ya Eosini (kipindi cha kijiolojia) yamefunikwa na mawe ya tope yenye mafuta yaliyotuama ziwani. Kinamasi kilienda sambamba na mdidimio kwa muda mrefu, kisha kikashindwa.

Paa likiwa la mchanga uliokata makaa kwa mkato mkali, na sehemu ya juu ya makaa ina dalili za kukauka na kuungua, nafasi ilipungua. Huenda mdidimio ulitulia. Huenda pia mvua zilipungua, na hilo utalijaribu katika hatua inayofuata.

Salfa. Ikiwa nyingi karibu na paa, maji ya bahari yalifika. Inakusaidia kutenganisha kuzama kwa ziwa na kuzama kwa bahari.

Unene mkubwa kupita kiasi nao una maana yake. Katika bonde la Latrobe, jimbo la Victoria nchini Australia, kuna matabaka ya makaa ya kahawia yanayopita mita 100. Huwezi kuyaeleza kwa mdidimio mkali. Yanadai mizani iliyokaa sawa muda mrefu mno, na mchanga uliofungiwa nje. Ukikutana na kitu kama hicho, usiulize tu kwa nini ardhi ilishuka. Uliza kwa nini mto haukuingia.

## Hatua ya 7: Waondoe washukiwa wengine

Kabla ya kuandika neno tektoniki, wapitie hawa wanne kwa majina.

*Bahari.* Usawa wa bahari ukipanda, hupanda kwa mabonde yote yaliyounganika nayo. Mwishoni mwa Karboniferi (kipindi cha kijiolojia kilichotangulia Permi), barafu ya bara la kusini iliyeyuka na kurudi mara kwa mara, na mizunguko ya chokaa, tope na makaa iliyotokana nayo inafuatika kwa mamia ya kilomita katikati ya Marekani. Mzunguko unaoonekana pande zote mbili za ufa kwa unene unaokaribiana si kazi ya ufa.

*Tabianchi.* Nayo hugusa eneo pana. Mvua zikipungua, vinamasi hukauka pote, na udongo wa kale hugeuka mwekundu au kuwa na vinundu vya chokaa. Kama badiliko liko upande mmoja tu wa bonde, tabianchi haihusiki.

*Sakafu ya kale.* Huyu ndiye mjanja zaidi, kwa kuwa naye ni mkaidi wa mahali. Kule Witbank, Afrika Kusini, matabaka ya chini ya makaa yananenepa na kutoweka kwa kufuata mabonde na vilima vya mwamba wa msingi vilivyochongwa kabla na wakati wa zama za barafu. Hakuna ufa unaohitajika. Jinsi ya kumtambua: athari yake ni kubwa chini, na hufifia kadiri mabonde yanavyojaa. Ufa hai unaweza kuendelea au hata kuongezeka juu.

*Mbano tofauti.* Juu ya kiini cha mchanga kinachogoma kubanwa, matabaka ya juu huwa membamba. Pembeni penye tope huwa manene. Kama ulifanya Hatua ya 4 kwa uaminifu, huyu ameshashughulikiwa kwa sehemu kubwa.

Umefanikiwa ukiweza kuandika, kwa kila mmoja, sentensi moja inayosema kwa nini haelezi data yako. Asiyeondoka, mtaje kuwa bado yupo. Mara nyingi tektoniki na bahari zilifanya kazi pamoja, na si aibu kusema hivyo.

## Hatua ya 8: Uliza mchanga ulikotoka, kisha chora mkondo wa mdidimio

Tektoniki haishushi ardhi tu. Huinua nyingine, na iliyoinuka humwaga mchanga. Pima mwelekeo wa maji ya kale kwenye matabaka mshazari (vijitabaka vilivyolala kwa mteremko wa maji yaliyoyaleta) yanayoonekana juu ya ardhi, au kwenye miche iliyowekewa alama ya kaskazini. Hesabu madini chini ya hadubini, kwa desturi nukta 300 au zaidi kwa kila kipande. Feldispa (aina ya madini) nyingi mbichi mara nyingi humaanisha mwamba wa msingi ulioinuliwa karibu. Vipande vingi vya miamba ya mashapo na ya volkano huelekeza kwenye milima inayokunjwa au safu ya volkano. Badiliko la ghafla la vyanzo kwenye kipindi kile kile ambacho uwiano wa Hatua ya 5 uliruka ni ushahidi mzito, kwa sababu umetokana na njia mbili zisizotegemeana.

Kwa mkondo wa mdidimio, panga vipindi vyote kwa umri, legeza kila kimoja kwa kina chake, kisha ondoa uzito wa mashapo ili ubaki na sehemu ya tektoniki. Kwa mlinganyo rahisi:

Mdidimio wa tektoniki = unene wa awali × (3.3 − densiti ya mashapo) ÷ (3.3 − 1.03)

Namba 3.3 ni densiti ya tabaka la dunia lililo chini ya gamba, na 1.03 ni ya maji ya bahari. Mashapo ya mita 500 yenye densiti ya 2.0 yanatoa 500 × 1.3 ÷ 2.27, takribani mita 286. Zilizobaki ni uzito wa mashapo yenyewe yaliyoisukuma ardhi chini.

Makaa yanakupa zawadi hapa. Katika mabonde mengine, kina cha maji ya kale kinaweza kukosewa kwa mamia ya mita. Kinamasi kinakaa kwenye uso wa maji, basi kosa hilo karibu halipo. Ila uwe na hakika kama uso huo ulikuwa wa bahari au wa ziwa lililo juu milimani. Ziwa la mlimani halina deni kwa bahari.

Sasa soma umbo la mkondo:

- Haraka mwanzoni, kisha polepole zaidi na zaidi: gamba lilivutwa, likapasuka, kisha likapoa. Haya ni mabonde ya ufa, yakiwemo ya Karoo (kundi la miamba ya kale yenye makaa) ya Afrika Mashariki kama Ruhuhu nchini Tanzania. Unene hukua kuelekea ufa mkuu wa upande mmoja, na makaa bora hupatikana zaidi upande wa pili uliotulia au katika vipindi ambavyo ufa ulipumzika.
- Polepole mwanzoni, kisha haraka: uzito wa milima inayosogea unapinda gamba kama ubao uliokanyagwa ncha moja. Mabonde ya Ruhr (Ujerumani) na Appalachia (Marekani) ni ya kundi hili. Mashapo ni kabari inayonenepa kuelekea milimani, na matabaka ya makaa huweza kuenea mbali sana kwa unene wa wastani.
- Mdidimio mkali mno wa muda mfupi katika bonde dogo: shuku nyufa zinazoteleza pembeni. Hapa makaa manene na kongomerati hukaa jirani kwa umbali mdogo ajabu.

Usilazimishe bonde moja liwe na umbo moja. Bonde la Bowen, Australia, lilianza kwa kuvutwa mapema katika Permi, likapitia kipindi cha kupoa na kutulia, kisha mwishoni mwa Permi likapindwa na uzito wa milima kutoka mashariki. Mjiolojia anayepiga mstari mmoja kupitia yote hayo atapata wastani usiowakilisha kipindi chochote. Mkondo ukivunjika, uache uvunjike, na uangalie kama uwiano wa nyufa na chanzo cha mchanga vilibadilika wakati huo.

Tahadhari. Mkondo haupindi vizuri kuliko umri ulionao. Ukiwa na umri mbili tu, chini na juu kabisa, mstari wako utakuwa mnyoofu kwa lazima. Usiusome.

## Hatua ya 9: Tabiri shimo ambalo halijachorongwa

Chukua mpango wa uchorongaji unaofuata. Kabla mashine haijafika, andika na utie tarehe: kipindi hiki kitakuwa na mita kati ya ngapi na ngapi, tabaka litagawanyika mara ngapi, paa litakuwa tope la ziwa au mchanga. Tumia mipaka uliyoipata kwa kubadilisha vizidisho, si namba moja.

Unene wa kipindi ukiangukia ndani ya mipaka lakini makaa yakakosea, hoja yako ya mdidimio bado hai. Kilichokushinda ni njia ya mchanga, na utarudi kwenye Hatua ya 6. Unene wenyewe ukikosea, anza kwa kukagua nyuso zako za Hatua ya 2 kabla ya kuongeza ufa mpya kwenye ramani. Ufa unaochorwa ili kuokoa utabiri ulioshindwa ni rahisi kuuchora na vigumu sana kuufuta, hasa ukishaingia kwenye ramani ya mgodi na watu wakaanza kupanga kazi kuuzunguka.